Robert Owen: Aliyenunua Kiwanda Akapata na Mke



Chama Kikuu kinapotimiza miaka 10, si vema kijitabu cha ukumbusho kijae hesabu za marobota ya pamba na picha za viongozi peke yake. Sherehe hutaka pia hadithi. Kwa hiyo tumeonelea tuwasimulieni katika kurasa hizi chache habari za mtu ambaye jina lake hutajwa kila penye mafunzo ya ushirika, bali maisha yake ni wachache wanaoyajua. Mtu huyo ni Robert Owen, ambaye wengi humwita baba wa ushirika.

Msidhani kuwa tunataka kuwachosha kwa mambo mazito. Bwana Owen alikuwa mfanya biashara hodari, na jamaa zake na za mkewe walikuwa watu wapendao kusimulia. Mengine ya haya aliyasimulia mwenyewe katika uzee wake, na mengine ni visa vilivyopokewa katika ukoo wa mkewe. Baadhi yake yanachekesha. Lakini ndani ya kicheko mna jambo ambalo sisi wakulima twapaswa kulifikiri sana, nalo ni hili: je, yatosha mali kuwa mikononi mwa mtu mwema?

UJI WA MOTO

Robert Owen alizaliwa tarehe 14 Mei, 1771, katika mji mdogo wa Newtown, nchi ya Wales. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, na pamoja na kazi hiyo aliuza vyombo vya chuma na kuangalia posta ya mji. Mama yake alitoka katika nyumba ya wakulima. Robert alikuwa mtoto wa 6 kati ya watoto 7.

Tangu utoto wake alipenda kuwa wa kwanza. Asubuhi alikwenda shuleni mbio ili awatangulie wenzake. Siku moja, alipokuwa na umri wa miaka kama 5, alikuta uji umekwisha pakuliwa. Juu ulionekana umepoa, kumbe ndani ulikuwa ukitokota. Kwa haraka yake akatia kijiko akameza. Uji ukamwunguza tumbo hata akazirai, na wazazi wake wakadhani amekufa. Tangu siku hiyo tumbo lake likawa dhaifu, ikambidi akiangalie kila chakula kabla ya kukila na kukumbuka kilivyomdhuru au kilivyomfaa. Alipokuwa mzee alisema kuwa uji ule ndio uliomfundisha kupima mambo. Kwa hakika wako watu wengi waliokwenda shule kubwa wasijifunze hata hayo.

Alipokuwa na miaka 7 mwalimu wake alimfanya msaidizi wa kuwafundisha wadogo. Alipotimiza miaka 10 aliondoka kwao kwenda London kwa kaka yake, mfukoni ana shilingi 40. Kutoka huko alipelekwa mji wa Stamford, akawa mwanafunzi wa kazi katika duka la vitambaa la Bwana James McGuffog. Bwana huyu alikuwa ameanza biashara kwa kikapu na mtaji wa shilingi mbili na nusu, akichuuza kwa miguu toka kijiji hata kijiji. Mwaka wa kwanza Robert hakulipwa kitu ila chakula na malazi. Mwaka wa pili alipata pauni 8, na wa tatu pauni 10. Dukani humo alijifunza kukijua kitambaa kizuri kwa kukigusa tu. Elimu hiyo ilimfaa maisha yake yote.

MSHAHARA WA PAUNI 300

Siku hizo mji wa Manchester ulikuwa ukichemka kwa habari ya pamba. Mashine mpya za kusokota nyuzi zilikuwa zimevumbuliwa, na watu walitajirika kwa muda mfupi. Owen aliyekuwa akiuza vitambaa mjini humo alikopa pauni 100 kwa kaka yake, akashirikiana na fundi mmoja wa waya kutengeneza mashine hizo. Ubia ule haukudumu. Walipoachana aliahidiwa mashine 6, akapewa 3. Hakwenda kushtaki, alikodi jengo, akaajiri watu watatu, akaanza kusokota. Kila wiki alijipatia faida ya pauni 6.

Mara tajiri mmoja, Bwana Drinkwater, mwenye kiwanda cha watu 500, alitangaza katika gazeti kuwa anatafuta meneja. Owen alikuwa na miaka 20 tu, na uso wake bado ulikuwa wa kitoto. Akavaa kofia yake akaenda. Bwana Drinkwater alipomwona alisema mara moja kuwa ni mdogo mno. Kisha akamwuliza swali la ajabu, kwamba kwa wiki moja hulewa mara ngapi. Kijana akaona haya mpaka uso ukamwiva, akajibu kuwa hajapata kulewa tangu kuzaliwa. Jibu hilo lilimpendeza tajiri. Akamwuliza anataka mshahara gani. Owen akajibu kuwa anataka pauni 300 kwa mwaka.

Bwana Drinkwater alistaajabu. Akamwambia kuwa wengi wamekuja asubuhi hiyo kuomba kazi, na mishahara yao wote ikijumlishwa pamoja haifikii kiasi hicho. Owen akatulia, akasema kuwa hawezi kuchukua pungufu kwa sababu ndizo anazozipata sasa kwa mashine zake tatu, na kama bwana hasadiki na aje atazame vitabu vya hesabu. Bwana akaenda, akavitazama vitabu, akakuta ni kweli. Kijana akapewa kazi na pauni zake 300.

Ndugu zetu makatibu na watunza hesabu wa vyama vya msingi, liangalieni jambo hili. Kijana yule hakuwa na cheti, wala mjomba serikalini, wala maneno matamu. Alikuwa na kitabu cha hesabu kilichoandikwa sawasawa. Kitabu hicho ndicho kilichomsemea.

Alipoingia kiwandani aliogopa kweli kweli, kwa maana hakuwahi kuongoza watu wengi namna ile. Akafanya hila moja ya busara. Kwa muda wa wiki 6 alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, akitembea kila pembe kwa uso mzito, akichungua kila mashine. Alipoulizwa jambo alijibu ndiyo au siyo, basi. Wafanya kazi wakadhani kimya kile ni cha mjuzi mkubwa, kumbe bwana mkubwa alikuwa akijifunza kazi. Baada ya wiki hizo alikuwa ameielewa kweli, na nyuzi za kiwanda kile zikapata sifa.

BWANA DALE NA NYUMBA YAKE

Sasa hatuna budi kumleta Bwana David Dale wa Glasgow, katika nchi ya Uskoti, kwani bila yeye hadithi hii haina chumvi.

Bwana Dale alizaliwa mwaka 1739, mtoto wa mwenye duka dogo. Utotoni alichunga ng'ombe, kisha akajifunza ufumaji, na baadaye akawa akizunguka mashamba kwa miguu akinunua nyuzi za kitani kwa wake za wakulima. Alipofungua duka mjini alilipa kodi ya pauni 5 kwa mwaka. Akaona kodi hiyo ni mzigo, akampangisha fundi wa saa nusu ya duka kwa shilingi 50, yaani nusu kamili ya kodi. Mwaka 1783 Benki ya Kifalme ya Uskoti ilimteua kuwa wakala wake mjini. Watu wakangoja kuona jumba la fahari. Bwana Dale akamwondoa fundi wa saa, na nusu ile ya duka ikawa benki.

Kwa umbo alikuwa mfupi na mnene. Inasimuliwa kuwa siku moja ya baridi aliteleza kwenye barafu, akamweleza rafiki yake jinsi alivyoanguka chini kwa urefu wake wote. Rafiki akamwambia amshukuru Mungu kwamba hakuanguka kwa upana wake wote. Bwana Dale alicheka kuliko wote waliokuwapo.

Lakini kisa kilichopendwa zaidi katika ukoo ule ni cha karamu ya mwezi wa Novemba, 1795. Bwana Dale alikuwa amewaalika wakubwa wa benki kuja kula nyumbani kwake. Jiko lilikuwa chini ya nyumba, na nyama zilikuwa tayari motoni, mara mto Clyde ukafurika. Maji yakaingia jikoni, moto ukazimika, na wapishi wakakimbilia juu. Wageni walikuwa njiani. Watu wakatumwa kwa majirani, nao majirani wakakubali chakula kipikwe katika majiko yao. Ikabaki shida ya mvinyo, kwa sababu chumba cha mvinyo nacho kilikuwa kimejaa maji, na mchukuzi aliyeajiriwa kuingia humo hakujua chupa ipi ni ya mvinyo gani. Basi binti mkubwa wa nyumba, Caroline, msichana wa miaka kama 16, akapanda mgongoni mwa mchukuzi, wakaingia pamoja majini, yeye akionyesha kwa kidole na mchukuzi akizitoa chupa. Karamu ikaliwa kwa wakati wake, na wageni walistarehe kama kwamba hapakuwa na mafuriko.

Huyo ndiye msichana aliyempendeza Robert Owen.

MTAKA CHA MVUNGUNI

Owen, ambaye sasa alikuwa mbia katika kampuni ya nyuzi ya Manchester, alikuwa akienda Glasgow kwa biashara. Huko alijulishwa kwa Binti Dale, naye binti akamwambia kwa adabu kwamba akitaka kuona viwanda vya baba yake vilivyoko New Lanark, karibu na maporomoko ya mto Clyde, atampatia barua. Akaenda, akaviona, akasema kuwa popote duniani hapo ndipo angependa kufanyia kazi yake. Safari zake za Glasgow zikaongezeka kuliko nyuzi alizouza.

Tatizo lilikuwa baba. Bwana Dale alikuwa tajiri, mwenye benki, mhubiri wa kanisa lake, na Owen hakuwahi hata kuonana naye. Kijana ataingiaje nyumbani kwa mtu kama huyo kuomba mke? Hapo akasikia uvumi kwamba mzee anataka kuviuza viwanda vyake. Owen akapata njia. Akaenda ofisini kwa Bwana Dale, si kama mchumba bali kama mnunuzi.

Bwana Dale akamtazama kijana huyu wa miaka 28 hivi, akamwona hana umri wa kununua kijiji kizima. Owen akamweleza kuwa ana wabia wenye mali huko Manchester. Mzee akamshauri aende akavitazame vizuri, kisha arudi na wabia wake. Bila shaka Owen alitarajia mazungumzo marefu yatakayompa ruhusa ya kuingia na kutoka nyumbani mle. Lakini wabia walikuja, wakaviona viwanda, wakavipenda. Bwana Dale akasema hajui bei, akamwachia Owen aitaje. Owen akataja pauni 60,000, zilipwe pauni 3,000 kila mwaka kwa miaka 20. Mzee akakubali papo hapo. Hivyo kijana aliyekwenda kutafuta mke akajikuta amenunua viwanda.

Hata hivyo hakumsahau Caroline. Mzee mwanzoni alisita, kwani hakupenda fikira za Owen katika mambo ya dini, lakini kwa kuonana mara kwa mara akampenda kama mwanawe. Arusi ikafungwa nyumbani kwa Bwana Dale tarehe 30 Septemba, 1799. Owen, aliyezoea desturi za Uingereza, alijiandaa kwa sala ndefu. Mchungaji akawaambia wasimame, akauliza kila mmoja kama anamkubali mwenziwe. Wakaitikia kwa kichwa. Mchungaji akasema kuwa basi wamekwisha oana, wanaweza kuketi. Ikawa ndiyo arusi nzima. Owen alipostaajabia ufupi huo, mchungaji alimweleza kuwa kwa kawaida huwaeleza maarusi wajibu wao, ila hakuthubutu kufanya hivyo kwa watoto wa Bwana Dale, hali mzee mwenyewe yu hai na aweza kuwafunza.

DUKA, KIBAO NA MNADA

Mwezi wa Januari, 1800, Owen alishika uongozi wa New Lanark. Alikuta watu 1,300 wanaoishi na jamaa zao, pamoja na watoto maskini kati ya 400 na 500 waliotolewa katika nyumba za mayatima. Bwana Dale aliwatunza watoto hao vizuri kwa kadiri ya siku zile, akawapa shule, lakini walifanya kazi tangu asubuhi hata usiku, na wengi wao walikuwa wadogo sana. Wizi na ulevi vilikuwa jambo la kawaida. Tena watu hawakumwamini bwana mpya. Walimwona ni mgeni aliyekuja kuwakamua.

Mwanzo wa kuaminiwa kwake ulikuwa msiba. Marekani ilizuia pamba yake isitoke, bei ikapanda mno, viwanda vikasimama. Wenye viwanda wengine waliwafukuza watu wao. Owen alisimamisha mashine kwa miezi 4, lakini hakumfukuza mtu. Aliwalipa wote mshahara kamili kwa kazi ya kusafisha mashine tu. Gharama yake ilikuwa pauni 7,000. Tangu hapo hakuna aliyemwita mgeni.

Jambo la pili lilikuwa duka. Wachuuzi wa kijijini waliuza bidhaa mbaya kwa bei kubwa, kwa mkopo usiokwisha. Owen akafungua duka la kijiji, akanunua bidhaa njema kwa jumla, akauza kwa bei iliyozidi kidogo tu ile aliyonunulia. Kwa hesabu yake watu waliokoa karibu robo ya matumizi yao, na faida ndogo iliyopatikana ilisaidia shule. Mwanachama anayenunua mbolea au majembe kupitia chama chake na aone hapo asili ya jambo hilo.

Jambo la tatu huchekesha kidogo. Owen hakupenda kupiga wala kutukana. Alitundika karibu na kila mfanya kazi kibao kidogo cha pande 4 kilichopakwa rangi: nyeusi kwa kazi mbaya, buluu kwa kazi ya hivi hivi, manjano kwa kazi njema, na nyeupe kwa kazi njema kabisa. Upande ulioelekea mbele ulionyesha mwenendo wa mtu huyo jana yake, na kila siku uliandikwa katika kitabu. Mtu aliyeona ameonewa alikuwa na haki ya kwenda kwa Owen mwenyewe kabla hukumu haijaandikwa. Owen alipopita hakusema neno. Alikitazama kibao, kisha akamtazama mtu. Mwanzoni weusi ulikuwa mwingi, na mwaka hata mwaka manjano na nyeupe zikaongezeka.

Lakini wabia wake hawakupendezwa na fedha kutumiwa kwa shule na makazi. Mwaka 1813 ugomvi ukawa mkubwa, wakaamua kuviuza viwanda kwa mnada. Nia yao ilikuwa kuvinunua wao wenyewe kwa bei rahisi na kumtoa Owen. Kwa hiyo wakaeneza uvumi kuwa Owen ameviharibu, na kwamba havifikii thamani ya pauni 40,000. Owen alisikia, akanyamaza. Akaenda London kimya kimya, akapata wabia wapya, watu waliokubali kwamba fedha zao zizae asilimia 5 tu kwa mwaka na kinachozidi kitumiwe kwa elimu ya watu. Mmoja wao alikuwa mwanafalsafa Jeremy Bentham.

Siku ya mnada ikafika. Wale wabia wa zamani walikuwa wamekwisha alika watu kwenye karamu jioni hiyo mjini Glasgow ili washangilie ununuzi wao. Mnada ukaanza. Kila walipotaja bei, wakili wa Owen aliongeza pauni 100, wala hakusema zaidi. Bei ikapita 60,000, ikapita 100,000. Jasho likawatoka. Wakatoka nje wakashauriana, wakarudi, wakapanda tena, hata wakafika pauni 114,000. Wakili akaongeza pauni 100 zake. Nyundo ikalia: pauni 114,100, mali ya Owen.

Karamu ilibidi iliwe, kwa kuwa wageni walikuwa wamekwisha fika. Inasimuliwa kuwa mgeni mmoja, mwenye gazeti, aliyeona nyuso zile zimenuna, alisimama akainua glasi yake, akawatakia heri mabwana waliouza siku hiyo kwa pauni 114,100 mali ambayo mwezi mmoja nyuma waliithamini kuwa pauni 40,000. Hakuna aliyejua pa kutazama.

Owen aliporudi New Lanark, watu walitoka kumlaki, wakawafungua farasi, wakalivuta gari lake kwa mikono yao. Yeye aliwaomba waache, akisema kuwa watu wanyonge wamefanywa wanyama wa kazi kwa muda mrefu mno. Hawakumsikiliza siku hiyo.

SHULE, NA HASARA

Tarehe 1 Januari, 1816, alifungua shule kubwa kijijini. Watoto wa chini ya miaka 10 hakuwaruhusu kufanya kazi kiwandani. Watoto wadogo kabisa, waliojua kutembea tu, walikuwa na darasa lao, na mwalimu wao wa kwanza alikuwa mfumaji mmoja, James Buchanan, ambaye mwenyewe alisoma kwa shida. Owen alimchagua kwa sababu alipenda watoto, na amri ya kwanza aliyompa ilikuwa kwamba asimpige mtoto hata mara moja. Walifundishwa kwa picha, nyimbo na ngoma. Wageni kwa maelfu walikuja kutazama, hata mwana wa mfalme wa Urusi.

Laiti hadithi ingeishia hapo! Lakini Owen alitaka kuibadili dunia nzima kwa mara moja. Mwaka 1825 alinunua mji mzima uitwao New Harmony, katika jimbo la Indiana huko Marekani, ili watu waishi humo kwa mali ya pamoja. Wakaja watu wapatao 800: wengine wenye bidii, wengine wenye maneno, wengine wavivu. Katiba ziliandikwa moja baada ya nyingine, na mashamba yakabaki bila ya walimaji wa kutosha. Kufikia mwaka 1827 mambo yalikuwa yamevunjika, na sehemu kubwa ya mali ya Owen ilikuwa imepotea. Mwaka 1832 alifungua London soko ambalo watu walibadilishana vitu kwa hati za saa za kazi. Vitu vyema vikachukuliwa upesi, vibovu vikabaki rafuni, na mwaka 1834 soko likafungwa.

Yuko mmoja aliyelipa zaidi ya fedha, naye ni Caroline. Mumewe alipokuwa akizunguka dunia, yeye alibaki Uskoti, na mwaka 1831 alifariki dunia. Binti aliyewahi kuokoa karamu ya baba yake katikati ya mafuriko hakuweza kuizuia mali ya nyumba yake isichukuliwe na maji mengine.

FUNZO LETU

Sasa turudi kwenye swali tulilouliza mwanzo. Owen alikuwa mtu mwema, na watu wa New Lanark walipata nyumba, duka na shule kwa wema wake. Lakini hawakupata kura. Hawakumchagua meneja, hawakukagua hesabu, wala hawakuamua faida iende wapi. Yote yalitegemea moyo wa bwana mmoja, na alipoondoka yakategemea moyo wa bwana mwingine. Hata siku ile ya mnada, mustakabali wao uliamuliwa kwa pauni 100, nao hawakuwa na neno la kusema.

Liko na jingine ambalo sisi wakulima wa pamba hatuwezi kulipita. Pamba iliyosokotwa New Lanark ilitoka Marekani na visiwa vya West Indies, ikilimwa kwa mikono ya watumwa. Bwana Dale, tangu mwaka 1791, alikuwa mwenyekiti wa chama cha Glasgow cha kupinga biashara ya watumwa. Hata hivyo mashine zake zililishwa pamba yao. Mfanya kazi alipata bwana mwema, bali mlimaji hakupata hata jina lake kuandikwa katika kitabu.

Kasoro ya kwanza ilisahihishwa na watu wadogo. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, watu 28, baadhi yao wafumaji na baadhi wafuasi wa Owen, walichanga pauni moja moja kidogo kidogo mpaka zikawa 28. Tarehe 21 Desemba walifungua duka lao wakauza siagi, sukari, unga na mishumaa. Hawakuwa na tajiri wa kuwahurumia. Walikuwa na kanuni: kila mwanachama kura moja, mauzo kwa fedha taslimu, mtaji upate riba yenye kiasi, na faida igawanywe kwa kadiri mtu alivyonunua. Owen hapo kabla hakuyathamini sana maduka ya namna hiyo. Aliyaona ni mambo madogo. Lakini miji yake mikubwa ilikufa, na duka lile dogo likazaa vyama duniani kote.

Kasoro ya pili ilisahihishwa na wakulima walipoanza kuuza mazao yao wenyewe kwa pamoja. Katika Tanganyika sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaandikisha Chama Kikuu chao. Hapo mlimaji aliandikwa jina lake kitabuni, na akawa mwenye kitabu.

Robert Owen alifariki dunia tarehe 17 Novemba, 1858, katika mji ule ule wa Newtown alikozaliwa, akiwa na umri wa miaka 87. Mali yake ilikuwa imekwisha, lakini heshima yake ilibaki.

Basi, ndugu wanachama, katika kuadhimisha miaka 10 hii tusimwombe Mungu atupatie mabwana wema peke yake. Tumwombe pia atupe bidii ya kuhudhuria mikutano mikuu, ya kuutazama mzani pamba inapopimwa, na ya kumwuliza katibu wetu, kwa adabu na bila woga, afungue kitabu cha hesabu. Katibu mwaminifu hatachukia. Atafanya kama alivyofanya kijana Owen mbele ya Bwana Drinkwater: atakifungua kitabu mwenyewe, akitandaze mezani, na kutuomba tusome.